Jicho la Mwalimu wa Farasi: Maisha ya Vincent O'Brien

  Ninyi mliosikiliza redio mtayakuta maneno yale yale hapa, na ninyi ambao hamkupata nafasi ya kusikiliza, someni polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Mwenye kujua kusoma vizuri na amsaidie jirani yake.

Leo tutasoma habari za Bwana Vincent O'Brien, mtu wa nchi ya Ayalandi. Nchi hiyo ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, chenye mvua nyingi na majani mabichi mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kufundisha farasi wa mashindano. Aliifanya kwa miaka 50, na watu wengi wanaoijua kazi hiyo husema kwamba hajapata kutokea mwalimu wa farasi aliyempita.

Labda mtauliza: habari za farasi wa Ayalandi zatuhusu nini sisi wenye ng'ombe, mbuzi na punda? Zatuhusu, kwa sababu bwana huyu aliinuka kwa kujua jambo moja, na jambo hilo kila mfugaji analihitaji. Alijua kumtazama mnyama. Someni, kisha mtaona.

MANENO YA KUJIFUNZA KWANZA

Saisi: mtu atunzaye farasi, humlisha, humsafisha na kumtembeza.
Mnada: mahali pa kuuza vitu hadharani, anayetaja bei kubwa kuliko wengine ndiye anunuaye.
Nasaba: habari za ukoo, yaani baba, mama, babu na bibi.
Leseni: ruhusa ya kufanya kazi fulani kwa sheria.
Hisa: sehemu ya mali ya kampuni ambayo mtu huweza kuinunua.
Choa: ugonjwa wa ngozi unaofanya mabaka na kuondoa nywele.

1. KAZI YA MWALIMU WA FARASI

Ninyi mkaao Nairobi mnaufahamu uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong. Na watu wa Lamu wanayo mashindano yao ya punda wakati wa Maulidi. Kwa hiyo mashindano ya wanyama si jambo geni kwetu. Lakini mtazamaji humwona mpanda farasi tu, na kofia yake, na nguo zake za rangi. Hawaoni watu walio nyuma ya farasi yule.

Watu hao ni hawa. Kwanza yuko mwenye farasi, ambaye ametoa fedha za kumnunua. Pili wako masaisi, ambao huamka kabla ya jua. Tatu yuko mpanda farasi, ambaye kazi yake kubwa ni siku ya mashindano. Na wa nne ni mwalimu. Huyo ndiye anayeamua farasi ale nini, akimbie umbali gani asubuhi, apumzike siku ngapi, na aingie katika shindano gani. Mwenye farasi humlipa mwalimu gharama za kumweka farasi, na farasi akishinda, mwalimu hupata sehemu ya zawadi.

Kazi hii ni ngumu kwa sababu ya maumbile ya farasi mwenyewe. Farasi wa mashindano ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na uzito huo wote hubebwa na miguu myembamba. Huweza kukimbia upesi wa kilomita 60 kwa saa. Akifanyishwa kazi ndogo, hatakuwa na pumzi. Akifanyishwa kazi kubwa mno, mishipa ya miguu itakatika, au atachoka moyoni akatae kula. Wala hawezi kusema, "Bwana, leo naumwa." Basi mwalimu sharti aone kwa macho yale ambayo mnyama hawezi kuyasema kwa kinywa.

2. KIJANA WA CHURCHTOWN

Vincent O'Brien alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1917, katika kijiji cha Churchtown, jimbo la Cork, kusini ya Ayalandi. Baba yake, Dan O'Brien, alikuwa mkulima, tena alifundisha farasi wachache. Mtoto yule alimfuata baba yake mazizini na kwenye minada. Shule aliiacha mapema, akarudi nyumbani kufanya kazi na farasi.

Mwaka 1943 baba alifariki. Sasa sikilizeni shida iliyotokea, kwa maana wengi wenu mtaitambua. Mzee Dan alikuwa ameoa mara mbili, na Vincent alikuwa mwana wa mama wa pili. Shamba likaenda kwa ndugu zake wa mama wa kwanza. Vincent alibaki na ujuzi tu, bila ardhi. Ilimbidi akodi mazizi na mahali pa kufanyia mazoezi katika shamba lile lile alilokulia. Akaomba leseni ya kufundisha farasi kwa jina lake mwenyewe, akapata.

Mwaka 1944 farasi wake wawili, Good Days na Drybob, waliingia katika mashindano mawili makubwa ya majira ya vuli ya Ayalandi. Good Days alishinda lake. Drybob alifika sawasawa na farasi mwingine, wakahesabiwa washindi wote wawili. Watu wakaanza kuuliza: kijana huyu ni nani?

Hapa niseme kweli, kwa kuwa somo letu si la kumpamba mtu. Katika miaka ile ya kwanza O'Brien aliweka dau juu ya farasi wake, na fedha alizopata zilimsaidia kuendesha zizi. Lakini msidhani kuwa hiyo ndiyo njia ya kupata mali. Yeye alikuwa akimwona farasi yule kila siku kuanzia alfajiri. Mtu wa mjini anayeweka mshahara wake juu ya farasi asiyemjua anatupa fedha zake kisimani.

3. FARASI AMBAO WENGINE HAWAKUWATHAMINI

Kuna mashindano ya namna mbili. Namna ya kwanza, farasi hukimbia mahali patupu. Namna ya pili, farasi huruka vizuizi njiani: miti, vichaka na mitaro. O'Brien alipata jina kwanza katika mashindano ya kuruka.

Mji wa Cheltenham, Uingereza, una mashindano makubwa ya kuruka kila mwezi wa Machi. Mwaka 1948 O'Brien alipeleka farasi aitwaye Cottage Rake. Farasi huyu madaktari wa wanyama walikuwa wametilia shaka pumzi zake alipokuwa akiuzwa, na wanunuzi wengine walimwacha. O'Brien alikuwa amemtazama akikimbia, akaona kuwa anafaa. Cottage Rake alishinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham mwaka 1948, akashinda tena 1949, na tena 1950.

Yuko na wa pili, jina lake Hatton's Grace. Alikuwa mdogo wa mwili, wala hapendezi kumtazama. Alipofika mikononi mwa O'Brien alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, kama tusemavyo. Alishinda shindano kubwa la kuruka viunzi la Cheltenham mwaka 1949 akiwa na umri wa miaka 9, akarudia 1950, na mara ya tatu 1951 akiwa na miaka 11. Kwa farasi wa mbio huo ni uzee.

Mwaka 1949 O'Brien alifanya jambo jingine lililoshangaza watu. Aliwapeleka farasi wake Cheltenham kwa ndege. Siku zile farasi walivuka bahari kwa meli, nao walifika wamechoka na kuyumba kwa mawimbi. Yeye aliwaza hivi: mnyama akifika bila kuchoka, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Mwaka 1951 alinunua shamba lake mwenyewe, Ballydoyle, katika jimbo la Tipperary. Lilikuwa shamba la kawaida lenye nyua na mitaro. Akang'oa nyua, akafukia mitaro, akatengeneza njia ndefu za majani kwa ajili ya mazoezi. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Jacqueline Wittenoom, aliyetoka Australia. Kijana aliyekodi mazizi ya ndugu zake sasa alikuwa na ardhi.

Kisha ikaja Grand National. Hili ni shindano la kuruka linalofanyika Aintree, karibu na mji wa Liverpool. Siku zile farasi walikimbia zaidi ya kilomita 7 na kuruka vizuizi 30. Wengi huanguka. O'Brien alishinda mwaka 1953 kwa farasi Early Mist, mwaka 1954 kwa Royal Tan, na mwaka 1955 kwa Quare Times. Farasi watatu mbalimbali, miaka mitatu mfululizo. Hakuna mwalimu mwingine aliyepata kufanya hivyo.

Huyo Royal Tan anatufaa kwa somo letu. Mwaka 1951 alikuwa wa pili. Mwaka 1952 alianguka kwenye kizuizi cha mwisho kabisa. Watu wangeweza kusema ana kisirani. O'Brien aliona sababu nyingine: farasi huyu hakupenda kuamriwa wakati wa kuruka. Mpanda farasi akimvuta hatamu ili kumwonyesha pa kurukia, alikosea. Akiachwa aamue mwenyewe, aliruka vizuri. Basi O'Brien akamwagiza mpanda farasi, Bryan Marshall, atulize mikono yake na kumwachia farasi kazi ya farasi. Mwaka 1954 wakashinda kwa urefu wa shingo tu.

4. SIKU LESENI ILIPOCHUKULIWA

Baada ya hapo O'Brien aligeukia mashindano ya mahali patupu, ambayo yana zawadi kubwa zaidi. Farasi wake Ballymoss alikuwa mali ya John McShain, mjenzi wa Marekani ambaye kampuni yake ilijenga jumba la Pentagon, makao ya wizara ya vita ya nchi ile. Mwaka 1958 Ballymoss alishinda shindano kubwa kuliko yote ya Ufaransa, liitwalo Arc de Triomphe. Mambo yalikuwa mazuri. Ndipo likaja pigo.

Mwezi wa Aprili 1960, farasi wa O'Brien aitwaye Chamour alishinda shindano dogo katika uwanja wa Curragh, Ayalandi. Zawadi yake ilikuwa pauni mia mbili na kitu. Baada ya shindano farasi alichukuliwa vipimo, na wapimaji wakasema wameona alama ndogo sana ya dawa ya kuuchangamsha mwili. Kumpa farasi dawa kama hiyo ni kosa kubwa, kwa sababu ni kuwadanganya watu wote.

Wasimamizi wa mbio walimwondolea O'Brien leseni kwa miezi 18. Haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyempa farasi dawa. Lakini sheria ya wakati ule ilisema kwamba mwalimu anabeba lawama kwa lolote litokealo kwa farasi wake. Hakuruhusiwa tena kuendesha zizi lake. Ndugu yake mdogo, Phonsie, akashika kazi.

Miezi miwili baadaye, Chamour yule yule alishinda Derby ya Ayalandi, shindano kubwa kabisa la nchi ile. Katika vitabu mwalimu wake aliandikwa Phonsie O'Brien. Lakini umati wa watu uwanjani ulipaza sauti ukimwita Vincent, ambaye hakuwapo.

Fikirini hali ya mtu huyo. Alikuwa na miaka 43. Mali yake yote ilikuwa katika jina lake, kwa maana ni nani atakayempa mlaghai farasi wake amtunzie? Angeweza kukaa kimya, ili miezi ipite na watu wasahau. Hakufanya hivyo. Wala hakufanya fujo. Alifuata njia ya sheria. Mwaka 1961 adhabu ilipunguzwa, akarudishiwa leseni kabla ya miezi 18 kwisha. Hata hivyo hakuona kuwa hiyo inatosha, kwa sababu tangazo la wasimamizi lilikuwa limewafanya watu wadhani kuwa yeye mwenyewe ndiye mkosaji. Akapeleka shauri lake mahakamani kwa ajili ya jina lake. Mwishowe shauri lilimalizika kwa wasimamizi kumwomba radhi.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Lakini wakati mwingine mwenye jina sharti alitetee, tena kwa maandishi na kwa sheria, wala si kwa ngumi.

Mwaka 1962, baada ya mwaka mmoja tu, farasi wake Larkspur alishinda Derby ya Epsom, Uingereza. Derby hiyo ndiyo mama wa Derby zote duniani. Siku hiyo farasi saba walianguka njiani, lakini Larkspur alipita salama.

5. FARASI ALIYEKATAA KULA

Sasa tufike kwa farasi mkuu kuliko wote aliowafundisha.

Mwaka 1968 tajiri mmoja wa Marekani, Charles Engelhard, alimwomba O'Brien aende Kanada akamtazame mtoto mmoja wa farasi aliyekuwa na nasaba nzuri sana. O'Brien akasafiri. Alipofika, aliuona mguu wa mbele wa yule mtoto, akaona umepinda. Hakumtaka. Lakini alikuwa amefika mbali, na hakukubali kurudi na macho matupu. Akawatazama wengine waliokuwa katika shamba lile. Mmoja alimvutia: mkubwa wa mwili, mwenye rangi ya hudhurungi, na mwendo mzuri. Alikuwa mtoto wa dume aitwaye Northern Dancer.

Northern Dancer mwenyewe alikuwa mfupi. Alipokuwa mtoto, mwenyewe alitaka kumwuza kwa dola 25,000, wala hakupata mnunuzi. Baadaye, mwaka 1964, alishinda Derby ya Kentucky, Marekani. Lakini Ulaya watoto wake hawakujulikana bado.

O'Brien alimshauri Engelhard amnunue mtoto yule. Kwenye mnada bei ilifika dola 84,000 za Kanada. Akapewa jina la Nijinsky, kwa heshima ya mcheza ngoma mashuhuri.

Farasi akafika Ballydoyle, na mara akakataa kula. Alipewa nafaka safi, kama farasi wengine wote wa zizi, akageuza uso. Mwalimu mwingine angesema farasi huyu ni mgonjwa, au ni mkaidi, na njaa itamfundisha. O'Brien akauliza Kanada: alikuwa akila nini kwenu? Akajibiwa kwamba alizoea chakula kilichosagwa na kushindiliwa kama vidonge. Basi O'Brien akaagiza vidonge hivyo kutoka Kanada. Jambo la kuchekesha ni kwamba vilipofika, Nijinsky alikuwa amekwisha anza kula nafaka ya Ayalandi. Lakini ona namna alivyofikiri mwalimu: kabla ya kumlaumu mnyama, aliuliza mnyama ametoka wapi.

Tena Nijinsky alikuwa na hasira. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akakataa kutoka zizini. O'Brien alimweka chini ya wapandaji wa mazoezi wenye subira, ambao hawakumpiga. Watu hao hawakupata kombe lolote, lakini bila wao farasi yule angeharibika. Mwaka 1969 alikimbia mara 5 akashinda mara 5.

Mwaka 1970, siku moja kabla ya Derby ya Epsom, Nijinsky alishikwa na msokoto wa tumbo. Ninyi wenye farasi au punda mnajua hatari yake. Farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo humwua upesi. Kulikuwa na dawa, lakini wangempa ingeonekana katika vipimo, naye asingeruhusiwa kukimbia. Tena O'Brien alikuwa mtu ambaye alama ndogo ya dawa ilikuwa imemnyima leseni miaka 10 nyuma! Basi wakampa pumba na magadi, vile vile magadi tunavyotia katika mapishi. Wakakesha macho juu yake. Maumivu yakatulia. Kesho yake akashinda Derby, akipandwa na Lester Piggott.

Mwezi wa Agosti akapata choa, nywele zikamtoka, ikabidi aache mazoezi siku kadhaa. Hata hivyo mwezi wa Septemba alishinda shindano la tatu kati ya mashindano matatu makuu ambayo farasi wa miaka mitatu hushindania Uingereza. Mtu akishinda yote matatu husemwa kuwa amepata Taji la Mara Tatu. Hakuna farasi aliyelipata tangu mwaka 1935 mpaka Nijinsky, na baada yake zaidi ya miaka 50 ilipita bila mwingine.

Lakini alikuwa amechoka. Mwezi wa Oktoba alikwenda Ufaransa, akashindwa kwa kichwa tu. Akakimbia tena mara moja, akashindwa. Katika mara 13 alishinda 11. Wengine husema hakupaswa kukimbia tena baada ya ugonjwa ule. Jambo hili lizungumzeni darasani.

6. FAIDA NA HASARA

Nijinsky aliwekewa thamani ya zaidi ya dola milioni 5 kama dume la mbegu. Hapo O'Brien aliona biashara nyingine. Fedha kubwa haiko katika zawadi za mbio, iko katika mbegu, kama vile fahali mzuri anavyotafutwa na kijiji kizima.

Katika miaka ya 1970 alishirikiana na Robert Sangster, tajiri wa Uingereza, na mkwewe John Magnier. Walikwenda kwenye minada ya Kentucky, Marekani, wakanunua watoto wa Northern Dancer kabla bei hazijapanda. O'Brien alisoma kitabu cha nasaba kwanza, kisha akaenda kumtazama kila farasi mwenyewe. Kitabu kilimwambia amtafute nani. Macho yalimwambia amchukue nani.

Mmoja aliyenunuliwa mwaka 1975 aliitwa The Minstrel. Alikuwa mfupi, mwenye miguu minne myeupe. Wazungu wengi wa zamani waliamini kwamba farasi mwenye miguu minne myeupe hafai. O'Brien hakujali rangi. Alichoona ni kwamba farasi huyu anaogopa kelele. Siku ya Derby ya mwaka 1977 akamziba masikio kwa pamba ili umati usimtie wasiwasi, na pamba ikatolewa karibu na kuanza. The Minstrel akashinda kwa urefu wa shingo.

Walakini si kila jambo lilifanikiwa. Bei za minada zilipanda kupita kiasi, kwa kuwa matajiri wa Ghuba nao waliingia kununua. Mwaka 1987 O'Brien na wenzake walianzisha kampuni ya kununua farasi, na watu wa kawaida wa Ayalandi wakanunua hisa kwa sababu ya jina lake. Farasi wengi walionunuliwa hawakufaa, kampuni ikafungwa, na watu wale wakapata hasara. Funzo ni hili: mtu anaweza kuwa bingwa wa kazi yake, lakini ubingwa huo hauzuii hasara ya biashara. Kabla ya kutoa akiba yako, uliza fedha itafanya kazi gani, wala usitosheke na jina la mtu.

Farasi mmoja wa kampuni hiyo, Royal Academy, alileta furaha ya mwisho. Mwezi wa Oktoba 1990 alishinda shindano kubwa New York. Mwalimu alikuwa na miaka 73. Mpandaji alikuwa Lester Piggott yule yule wa Nijinsky, mwenye miaka 54, aliyekuwa ameacha kazi miaka mitano akarudi siku chache tu kabla ya siku ile.

7. MWISHO WAKE

O'Brien aliacha kazi mwaka 1994. Alikuwa ameshinda Derby ya Epsom mara 6, Grand National mara 3, Kombe la Dhahabu la Cheltenham mara 4, na Arc de Triomphe mara 3. Ni nadra sana mwalimu mmoja kushinda katika mashindano ya kuruka na katika mashindano ya mahali patupu kwa kiasi hicho. Alifariki tarehe 1 Juni, 2009, akiwa na miaka 92. Ballydoyle imeendelea kutoa farasi mashuhuri chini ya mwalimu mwingine, Aidan O'Brien. Majina yanafanana, lakini si ndugu.

Sasa tukusanye tuliyojifunza. Mlisikia habari za farasi mwenye pumzi za mashaka, farasi mdogo asiyependeza, farasi asiyetaka kuamriwa, farasi aliyekataa chakula, na farasi aliyeogopa kelele. Watano hao wangetendewa namna moja, wote wangeharibika. O'Brien alijiuliza juu ya kila mmoja: huyu ana nini?

Wewe mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa huna haja ya shamba la Tipperary ili kufanya hivyo. Asubuhi, kabla ya kukamua, simama kidogo. Amekula jana? Macho yake yakoje? Anakanyaga sawasawa? Kinyesi kikoje? Ukiona badiliko, liandike pamoja na tarehe. Ndiyo maana tunajifunza kuandika. Siku utakapomwita daktari wa mifugo, hutamwambia tu kwamba "anaumwa". Utamsomea siku aliyoanza na namna alivyokuwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Vincent O'Brien hakupata shamba la baba yake? Je, katika kijiji chenu mambo kama hayo huamuliwaje?
2. Je, ni haki mwalimu wa farasi kuadhibiwa kwa kosa ambalo haikuthibitishwa kuwa amelifanya yeye? Toa sababu zako.
3. O'Brien alifanya nini Nijinsky alipokataa kula? Wewe ungefanya nini?
4. Kwa nini watu walionunua hisa walipata hasara?
5. Andika mistari kumi juu ya mnyama mmoja unayemtunza. Eleza tabia zake ambazo wanyama wengine hawana.

Mtakaomaliza swali la tano, someaneni kazi zenu kwa sauti kabla ya darasa kufungwa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.